Jeep Iliyomkataa Patron Wake

Kidole cha Tata Symphorien tulikiacha hewani wiki iliyopita, mbele ya pua ya dereva wake, na juma zima ni muda mrefu kwa kidole kinene namna ile. Tukishushe basi.

"Mulozi njo huyu!" alipiga kelele. "Bilali! Batu bote bamuone!"

Na watu wote wakamwona, maana nusu ya mtaa ilikuwa imejazana getini. Wachimbaji waliokuwa wakipeleka magunia yao kwa mnunuzi waliyatua chini, wakayakalia. Ilikuwa saa nne asubuhi, na burudani ya bure Kolwezi haipatikani kila siku.

Polisi mmoja, aliyeitwa Mukuna, alikuwa ameshamtia Bilali pingu. Mukuna hakuwa kamanda wa kitu chochote, lakini kila mtu alimwita Commandant, naye hakumsahihisha mtu.

Kwa wale ambao gazeti la juma lililopita lilifungiwa makayabu, wale samaki wa chumvi, kabla hawajalisoma, nitasema upesi.

Tata Symphorien ni mnunuzi wa madini. Alinunua jeep nyeusi iliyoingia nchini na usukani wa kuume, na fundi mmoja kule mpakani akauhamishia kushoto. Kisha akaja Dimitri, mtu wa miwani myeusi anayejiita Ingénieur, akaitia alarme pamoja na boksi la kuwasha injini kwa mbali. Unabonyeza telekomande ukiwa bado unakunywa chai, na motoka inawaka yenyewe uani. Symphorien aliipenda telekomande ile hata akaivaa shingoni. Aliibonyeza kanisani. Aliibonyeza kwenye kilio, ili wafiwa nao waone.

Toka siku ile jeep ikapata tabia mbili. Ya kwanza: Patron, yaani Symphorien mwenyewe, akiwa ndani, inakata moto, inazimika njiani na kulia honi mpaka mbwa wanakimbia. Ya pili: inajiwasha yenyewe, uani, bila mtu ndani.

Dimitri aliitwa mara mbili, na mara zote mbili akasema système ni nzuri, shida ni watu. Pasta aliitwa, akaipaka mafuta ya maombi mpaka kwenye kioo cha mbele, siku mbili Bilali anaendesha haoni. Mwisho akaitwa Mama Honorine, fundi umeme wa magari pale Manika. Kabla hata hajafungua sanduku lake la vyombo, Symphorien akawa ameshachoka kungoja, akaita polisi.

Honorine aliitazama mikono ya Bilali ndani ya pingu. Mtu mpole, wa ukoo wa wasafirishaji kutoka Maniema, miaka sita anamwona akileta magari kwake na hajamsikia akitukana hata tairi. Polisi wangemwachia siku moja, hilo alilijua. Lile neno ndilo halingemwachia. Nani atampa motoka dereva aliyeitwa mulozi mbele ya mtaa mzima?

"Patron," Honorine aliuliza, "alama ya bulozi uliiona wapi?"

"Kila asubuhi, mbele ya kuwasha, anatetemesha midomo! Anaongea na motoka!"

"Nasema Bismillahi, Patron," Bilali alisema. "Mara moja tu. Na inakusaidia na weye, tunakuwaka bawili ndani."

Getini wakacheka. Symphorien hakucheka, vitu vya kuchekesha huwa vinamfikia kesho yake.

"Commandant," Honorine alisema, "kama waya kulegea ni bulozi, uanze kukamata miye. Ku garage yangu iko bulozi ya kujaza pipa mbili. Nipatie saa moja, nikuonyeshe bulozi ya hii jeep iko na rangi gani."

"Saa moja? Mama, mi niko ku kazi."

"Uko unakula."

Ni kweli, alikuwa anakula. Symphorien alikuwa amempa kiti na mkate mrefu uliojazwa avoka na sardine. Mukuna aliutazama mkate, akamtazama mama.

"Basi. Nikimaliza mukate, naenda naye."

Honorine alipima mkate kwa jicho. Viganja viwili na nusu, na Mukuna alikuwa na mdomo mpana.

Akalala chali chini ya usukani. Akapapasa juu. Waya za alarme zilisokotwa kwa vidole na kufungwa kwa kipande cha plastiki.

"Dimitri! Ingénieur! Kuya hapa. Hii ni nini?" alimwita yule mtu wa miwani, aliyekuwa amesimama kando akitazama.

"Isolation, maman, ya kuziba waya."

"Hii ni sachet ya sukari."

"Ni plastiki tu, maman."

"Bado iko na sukari." Sisimizi watatu wakatoka kuthibitisha.

"Sukari haipitishe courant ya umeme," Dimitri alisema, akirekebisha miwani.

"Bujinga njo bunapitisha."

Mkate ulibaki viganja viwili.

Honorine alizifungua zile waya, akazifunga upya kwa tepu nyeusi, akapima moja moja kwa taa yake ya kupimia. Zote nzima. Shida haikuwa pale. Alitoka chini, akapangusa mgongo, akamwendea Bilali.

"Tata Bilali, inazimikaka wapi?"

"Popote, mama. Ku rond-point. Ku tuta ya dos d'âne. Juzi, mbele ya mbuzi. Jana, mbele ya mama wa ndizi."

"Na ukiwa peke yako?"

"Hata siku moja."

"Ukimubeba Mama Falonne, muke ya Patron?"

"Madame? Anasinzia mpaka tunafika. Haizimikake."

"Munasikia!" Symphorien aliruka. "Ni miye tu! Anawinda miye!"

Honorine alikuwa anawaza juu ya mbuzi na mama wa ndizi. Mzunguko wa barabara, tuta, mbuzi, ndizi. Kila mara kuna kitu mbele.

"Dimitri, panda. Kaa kwa Patron."

"Mi? Kwa nini miye?"

"Weye njo Ingénieur. Panda."

Dimitri alikaa kiti cha mbele upande wa kuume. Honorine akashika usukani, akatia gia, akaielekeza jeep moja kwa moja kwenye ukuta wa depo. Akakanyaga mafuta.

"Maman," Dimitri alisema. Kisha: "Maman, ukuta!" Kisha: "Mamaaa!" Akakamata kichwa kwa mikono yote miwili, miwani ikaruka, akajikunja kama anayepigwa na mkewe.

Honorine alifunga breki nusu mita kutoka kwenye matofali. Injini ilikuwa inanguruma taratibu, raha mustarehe. Hakuna honi. Hakuna kuzimika.

"Shuka, Ingénieur. Patron, ni zamu yako."

"Mi siwezi kucheza muchezo ya batoto."

"Basi Bilali si mulozi, twende nyumbani."

Symphorien akapanda. Alipanda vile watu wa namna yake hupanda, tumbo kwanza, heshima baadaye. Honorine akarudi nyuma mpaka getini, akauelekea ukuta uleule, mwendo uleule, lakini safari hii hakuutazama ukuta. Alitazama kiatu.

Kiatu cha kuume cha Tata Symphorien, cheusi, chenye ncha ya dhahabu, kiliinuka chenyewe na kukanyaga zulia kwa nguvu zote.

Injini ikakata. Honi ikapasuka. Watu getini wakapiga yowe, na mchimbaji mmoja akadondoka kutoka juu ya gunia lake.

"Umeona! Umeona!" Symphorien alilia. "Ni yeye! Kule aliko anatetemesha midomo!"

"Nilikuwa natafuna," Mukuna alisema.

"Sikuseme weye!"

Honorine alizima honi, akawasha tena, akarudi tena getini. "Mara moja ingine, Patron. Sasa uweke miguu juu."

"Juu wapi?"

"Juu ya dashboard. Yote mbili."

Sijui kama mmewahi kumwona mnunuzi mkubwa wa madini akiendeshwa miguu juu kama mtoto anayebadilishwa nepi. Mtaa ule umeona. Jeep ilikwenda kwenye ukuta, ikasimama, na injini iliendelea kunguruma kama hakuna kilichotokea.

Honorine alizima injini, akashuka, akazunguka, akaling'oa zulia la upande wa Patron. Akawaita Mukuna na wachimbaji wawili wa mbele waje waone kwa macho yao.

"Hapa njo volant, usukani, ilikuwaka kabla bahamishe. Na hapa njo kulikuwa pédale ya breki. Bale bafundi ba mpakani bakaikata na mashine ya meule, bakaacha hii kisiki ya chuma. Munaona? Inakata kama wembe. Sasa Ingénieur wetu alikuwa anatafuta njia ya kupitisha waya ya bonnet."

"Waya ya nini?" Mukuna aliuliza.

"Ya bonnet, Commandant. Ile inaambia alarme kama mwizi amefungua bonnet. Ikigusa chuma, boksi inasema: mwizi! Inakata moto, inalia. Dimitri akaipitisha hapa, juu ya kisiki, akafunika na zulia, akaenda kunywa. Kila mara Patron anakanyanga, ngozi ya waya inachubuka kidogo, shaba inagusa chuma. Akiondoa muguu, inaachana. Ndiyo hiyo bulozi. Rangi yake ni grise."

Wote wakainama kuitazama waya ya kijivu. Kwa kweli ilikuwa waya ndogo sana kwa kelele zote zile.

"Lakini," mchimbaji mmoja aliuliza, "mutu wa kukaa tu, anakanyanga nini?"

Honorine alikuwa anangoja hilo swali kama mtu anayengoja chakula kiive.

"Njo hapo. Mutu mwenye hajaendeshaka, akiona ukuta anashika kichwa. Mumemuona Ingénieur. Mwenye aliendeshaka, anakanyanga breki, hata kama breki haiko. Na muguu ya Patron inatafuta breki upande wa kuume. Patron, camion, lori ya volant kuume, uliiendesha miaka ngapi?"

Wasomaji wangu, mnajua Symphorien huwaambia nini watu: kwamba toka ujana wake huendeshwa, hajawahi kushika usukani, kwamba dereva ni mtu aliyekosa akili ya kazi nyingine. Kwa miaka sita amemwambia Bilali maneno hayo kila Jumatatu.

"Mi sijashikaka volant hata siku moja!"

"Weye hapana," Mukuna alisema, mdomo umejaa. "Muguu tu."

"Chauffeur!" sauti ikatoka getini. "Tupeleke Kasaji!"

"Chauffeur, punguza mwendo, kuko mbuzi!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka barabarani. Bilali peke yake hakucheka. Alimtazama Patron wake vile mtu anavyomtazama ndugu aliyemkuta mahali pasipofaa, kisha akageuza macho.

Kama Symphorien angekuwa na akili, angemwomba mtu yule msamaha palepale, na hadithi yetu ingeishia hapa. Lakini aibu ikimwingia mtu wa namna ile hugeuka hasira, na hasira hutafuta yule aliyefungwa mikono.

"Sawa!" alipasua kicheko chao. "Waya! Na kujiwasha? Jumapili, hapa uani, nani aliiwasha? Batu kumi baliona! Ilikuwa tupu, telekomande iko pa shingo yangu, na huyu Bilali alikuwa amesimama kando yake! Muguu wangu ilikuwa mu kanisa! Jibu hiyo, mama wa waya!"

Kicheko kikafa. Ni kweli, watu kumi waliona, na wengine kati yao walikuwa pale. Mchimbaji mmoja akamsogelea Bilali, akamtazama midomo. Mwingine akarudi nyuma.

Mukuna akameza kipande cha mwisho. Akapangusa vidole kwenye suruali ya serikali, akasimama.

"Mukate imeisha, mama."

"Kuko makombo."

"Mama Honorine."

"Okota makombo, Commandant. Unaacha chakula ya batu chini?"

Mukuna, mtu aliyelelewa vizuri na mama yake, akainama kuokota. Honorine alikuwa ameshaingia tena chini ya usukani. Akapapasa nyuma ya fyuzi, akapata kile alichokitafuta: kibonyezo kidogo kilichofichwa. Boksi za namna ile alizijua. Zinakuja kwa makatoni, na zote zina tabia moja. Unageuza ufunguo, unabonyeza mara moja, na taa nyekundu ya alarme inakuhesabia telekomande zote inazozitambua.

"Dimitri, ulimupa Patron telekomande ngapi?"

"Mbili, maman. Mu carton kunakuwaka mbili."

"Moja hii," Symphorien alisema, akishika shingo. "Ya pili iko mu nyumba, mu chumba, mu tiroir ya kabati. Nilifungia mi mwenyewe."

"Commandant, hesabu na miye."

Akageuza ufunguo, akabonyeza. Taa ikawaka. Moja, wakahesabu. Mbili, wakahesabu, hata wa getini. Ikazima. Dimitri akaanza kushusha pumzi.

Ikawaka tena.

"Tatu," Mukuna alisema peke yake.

Honorine alitoka chini polepole, akachomoa ufunguo na kuushika mkononi. Akasimama mbele ya Dimitri. Bila miwani, macho ya Ingénieur yalikuwa madogo na yenye haraka.

"Ya tatu nani alikuomba?"

"Maman, hii mambo ya bateja, mi..."

"Nani, Dimitri?"

Dimitri alifungua mdomo. Na kabla jina halijatoka, jeep ikawaka.

Ilijiwasha tu. Hakuna mtu ndani. Ufunguo mkononi mwa Honorine. Telekomande shingoni mwa Symphorien, wala hakuigusa, mikono yake ilikuwa imeganda hewani. Na Bilali alikuwa kule kando ya kiti cha polisi, hatua ishirini kutoka kwa jeep, amefungwa pingu. Aliinua mikono yote miwili juu ya kichwa ili kila mtu aone vidole vyake kumi.

"Commandant," Honorine alisema, "hesabu na bile."

Mukuna alivihesabu kweli. Kisha akatoa kifunguo kidogo mfukoni, akafungua pingu. Zilianguka chini, akaziokota pamoja na makombo yaliyobaki.

"Dimitri, hii boksi inasikia telekomande kutoka mbali gani?" Honorine aliuliza, akageuka.

Hakuna Dimitri. Watu wote walipokuwa wanaitazama jeep, Ingénieur alikuwa ametazama geti. Walimwona kwa mbali, anakata kona ya mtaa, suti inapepea.

"Mi nayua," Honorine alijijibu. "Hatua hamsini, na kama ukuta iko katikati, inapungua. Kwa hiyo mwenye kubonyeza iko karibu. Anatuona."

Shingo zote zikazunguka. Geti. Ukuta. Depo. Mwisho macho yakafika kwenye nyumba. Kwenye dirisha la chumba, pazia la kijani lilikuwa linatikisika, na upepo siku ile haukuwepo.

"Patron," Honorine alisema kwa sauti ya chini, "mu nyumba kuko nani?"

"Hakuna mutu." Sauti ya Symphorien ilikuwa imepungua nusu. "Falonne iko Lubudi, ku kilio ya shangazi yake, siku ya tatu leo. Bapishi nilibafukuza. Nilifunga mi mwenyewe." Akageuka. "Bilali. Enda uangalie."

Bilali alikuwa anasugua vifundo vya mikono. Hakusogea.

"Patron, uliniita jina mbele ya batu."

"Enda kwanza, tutaongea."

"Uliliita mbele ya batu. Ulitoe mbele ya batu."

"Bilali, mi niko patron wako!"

"Nayua. Njo maana nangoja."

Symphorien alitazama dirisha. Akatazama geti, watu wapatao sitini, hakuna aliyecheka sasa. Akasema kitu ndani ya ndevu zake.

"Hatusikie!" wakapiga kelele wa magunia.

"Haiko mulozi!" alibweka.

"Nani haiko?" Honorine aliuliza.

"Bilali! Bilali haiko mulozi! Niliongea buongo!" Na ilimtoka kwa uchungu kama jino.

Bilali aliinamisha kichwa kidogo, heshima yake yote akiwa nayo. "Asante, Patron. Batu bote bamesikia. Sasa, mi niko dereva. Kama jeep iko na shida, uniite. Mulango ya nyumba si kazi yangu." Akaenda akakaa kwenye kiti cha Mukuna, na Mukuna, sijui kwa nini, hakumwinua.

Kwa hiyo Symphorien alikwenda peke yake. Uani jeep ilikuwa bado inanguruma, tupu. Alipanda ngazi tatu za baraza, kila moja akiifikiria. Honorine alimfuata hatua mbili nyuma, koleo mkononi, maana alitaka kumwona kwa macho yake huyo mteja wa telekomande ya tatu.

Symphorien akatoa ufunguo wa mlango, ule mmoja tu, aliokuwa akilala nao chini ya mto. Akauingiza. Ukafika nusu, ukagoma. Akausukuma, ukagoma.

"Nini?" Honorine alinong'ona.

Symphorien alikuwa ameinama, jicho moja kwenye kitasa, na jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye telekomande.

"Hauingie," alisema. "Kuko ufunguo mwingine ndani."

Na mbele ya macho yake, huo ufunguo mwingine ukaanza kuzunguka.